Somo la Nyumbani: Moto wa Gesi na Vyombo Vyake

Mwezi huu twataka kujifunza habari za moto wa gesi: jinsi ya kuuwasha na kuuzima pasipo hatari, na vyombo gani vyafaa kutelekwa juu yake. Labda mtu atasema, "Hayo ni maneno ya jikoni, waachiwe akina mama." Sivyo. Nyumba ikishika moto, moto haumchagui mama peke yake. Tena katika mji wa Katoro, na Buseresere iliyo jirani yake, wapikaji wengi ni vijana wanaume waliokuja kutafuta dhahabu. Wamepanga chumba kimoja, na humo humo hulala, huweka mizigo yao, na hupika. Hao nao wana haja ya somo hili, na mwalimu wa mtaa akiwasomea atafanya vema. Zaidi ya hayo, katika nchi yetu ya dhahabu iko hatari moja ya jikoni isiyojulikana sana mahali pengine, nami nitaieleza mahali pake.

Tangu kale watu wa nchi hii wamepika kwa kuni na mkaa. Walongo wa Uzinza waliyeyusha hata chuma kwa mkaa, wakafua majembe, kabla ya majembe ya Ulaya kuletwa. Basi hatusemi kwamba mkaa ni kitu cha wajinga. Walakini misitu imepungua, na moshi unaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa moshi wa majiko ya nyumbani uliwaua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020 peke yake. Kwa ajili hiyo Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa miaka 2024 hadi 2034, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Gesi ni mojawapo ya nishati hizo. Lakini mtungi huletwa nyumbani kwa siku moja, nayo maarifa ya kuutumia mara nyingi hayaletwi pamoja nao.

Gesi ya mtungi ni kitu gani?

Ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, zipatikanazo pamoja na mafuta ya ardhini. Zikikandamizwa kwa nguvu hugeuka kuwa maji, na hayo ndiyo uyasikiayo yakichezacheza ukiutikisa mtungi. Ukifungua koki, maji hayo huchemka yenyewe pasipo kupashwa moto, yakawa mvuke, na mvuke ndio uwakao jikoni. Lita moja ya maji yale hutoa gesi yapata lita 250. Kwa sababu hiyo mtungi haujazwi hata juu, bali huachwa nafasi, karibu sehemu moja katika tano, ili maji yakipanuka kwa joto yapate mahali. Mtu auwekaye mtungi wake juani, au karibu na mafiga yenye moto, anaimaliza nafasi ile aliyoachiwa.

Kadhalika mtungi haulazwi kamwe, hata gesi ikikaribia kwisha. Ukilazwa, maji yenyewe hutoka mahali pa mvuke, na moto huruka kwa ghafula. Wako watu wanaoulaza, wengine huutia katika beseni la maji ya moto ili kuikamua gesi iliyobaki. Ni uchumi mbaya sana kuuza uso wako kwa gesi ya shilingi chache.

Sasa shikeni sana neno hili, maana ndilo mzizi wa mengine yote: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani mara mbili. Moshi wa kuni hupanda darini, lakini gesi ikivuja hushuka. Hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikaingia chini ya kitanda, ikajaza shimo na pembe za chumba. Mtu aliyesimama huenda asiisikie, na mtoto aliyelala mkekani tayari yumo ndani yake. Tena hazihitajiwi nyingi: sehemu mbili tu za gesi katika sehemu mia za hewa zatosha kushika moto. Basi dirisha la juu peke yake halitoshi. Yafaa pawe na mlango unaofunguka mpaka chini, nao uwe wazi wakati wa kupika. Na mtungi usiwekwe shimoni, wala chini ya kitanda, wala mahali palipo chini kuliko sakafu.

Gesi yenyewe haina harufu. Harufu ile mbaya, kama ya yai bovu, hutiwa makusudi ili pua ituonye. Mtu asemaye, "Nimeizoea harufu hiyo," amelizoea baragumu la hatari.

Kununua, kufunga na kuwasha

Mitungi iuzwayo kwetu ni ya kilo 3, 6, 15 na 38. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Mwambie muuzaji aupime mbele ya macho yako: ukinunua kilo 6 za gesi, mizani yapaswa kuonyesha uzito wa mtungi mtupu na kilo 6 zaidi. Tazama lakiri ya mdomoni kama haijavunjwa. Mtungi uliobonyea vibaya, au ulioliwa na kutu sehemu ya chini, umrudishie. Wala usikubali kumiminiwa gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka, ingawa bei ni nafuu, kwa maana hapo hakuna ajuaye kama ile nafasi ya juu imeachwa.

Ukisha kuufunga mpira wa gesi na regulata, usiwashe kwanza. Chukua maji ya sabuni yenye povu, upake kwenye maungo yote: kwenye koki, kwenye regulata, kwenye ncha mbili za mpira. Kisha fungua koki, jiko likiwa limefungwa. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Funga koki, kaza, upime tena. Usipime kwa kiberiti hata siku moja, ijapokuwa umemwona fundi akifanya hivyo. Mpira nao huchakaa. Ukiuona una nyufa ukiukunja, au umekuwa mgumu kama fimbo, ununue mwingine. Usipitishwe nyuma ya jiko mahali unapoungua, wala usifungwe kwa kamba au kitambaa, bali kwa bangili zake za chuma.

Kuwasha kuna utaratibu. Kwanza kiberiti, baadaye gesi. Afunguaye gesi kwanza, kisha aanze kukitafuta kiberiti mfukoni, amekusanya wingu mbele ya kifua chake. Njiti ikizimika, funga, ngoja kidogo hewa isafike, ndipo ujaribu tena. Ukimaliza kupika, funga koki ya mtungini, si ile ya jiko peke yake. Hasa usiku, katika chumba kile kimoja cha kupanga, jambo hili lifanywe kabla ya kushusha chandarua. Na chandarua, pazia na kanga zilizoanikwa ziwe mbali na jiko.

Moto mwema ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria inapata masizi, hewa haichanganyiki na gesi ipasavyo. Mara nyingi ni uchafu tu: uji uliofurika umeziba matundu ya kichwa cha jiko. Likiisha kupoa, lisugue, uyazibue matundu kwa sindano au waya mwembamba. Usiipuuze rangi hii, maana moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ile ile itokayo katika jiko la mkaa. Ndiyo iwauayo watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili waote moto. Hawasikii maumivu makubwa. Kichwa huwauma, huona usingizi, basi.

Ikiwa harufu imejaa chumbani nawe hujawasha kitu, usiwashe. Usibonyeze swichi ya taa, wala kuiwasha wala kuizima, kwa maana cheche ndogo yatosha. Usipige simu humo ndani. Funga koki, fungua mlango, watoe watu nje, ukautoe na mtungi ukiweza. Ngoja mpaka harufu iishe kabisa, tena ukumbuke kwamba hutoka polepole pale chini.

Na ikiwa moto umeshika penye koki? Ukiweza kuifikia, jifunike mkono kwa kitambaa kizito kilicholowa maji, uifunge. Moto utakufa kwa kukosa chakula. Usipoweza, toka na watu wote, ukae mbali, uwaite Zimamoto kwa namba 114. Mafuta ya kukaangia yakiwaka ndani ya kikaango, usiyamwagie maji, maana yataruka na moto wake hata darini. Zima jiko, uyafunike kwa kifuniko, usikifunue mpaka yapoe.

Habari ya ugali

Mtungi wa kilo 6 mara nyingi huuzwa pamoja na kichwa cha jiko kifungwacho juu yake, na vyuma vya kushika sufuria. Kwa chai ni kizuri, kwa mboga ya watu wawili pia. Lakini sisi ni watu wa ugali, na ugali hausongwi kwa vidole viwili. Msongaji huegemeza mwiko kwa nguvu zake zote, sufuria huyumba, mtungi huyumba pamoja nayo, na maji yaliyo moto huwamwagikia watoto waliokaa karibu wakingoja. Kwa maoni yangu jiko la namna hii halifai kwa ugali wa nyumba yenye watu wengi. Mwenye fedha anunue jiko la pleti mbili, aliweke juu ya meza imara isiyofika kiunoni, mtungi ukae kando sakafuni. Asiye na fedha aipike mboga kwa gesi, na maji ya ugali yakiisha kuchemka na unga kutiwa, aitue sufuria chini juu ya kata nene, aisonge hapo akiishika kwa miguu au kwa vyuma vya kushikia, kisha airudishe motoni kwa muda ili iive. Kazi ni mara mbili, lakini ngozi ya mtoto haishonwi.

Vyombo vya kuteleka

Moto wa kuni huizunguka sufuria, nao mkaa huipasha polepole. Moto wa gesi hupiga mahali pamoja kwa ukali. Kwa hiyo chombo cha gesi kiwe na tako sawa, lisilobonyea wala kuvimba, na kiwe kipana kuliko duara la moto. Ukiona moto umetoka na kulamba ubavu wa sufuria, punguza. Huo unapasha hewa ya chumba, nawe ndiwe unayelipa. Kifuniko nacho ni kuni bure. Maharage na makande yalowekwe tangu jana yake, yachemshwe yakiwa yamefunikwa, moto ukishushwa mara yakichemka, kwa maana maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka kwa utulivu. Mwenye sufuria ya mvuke ifungwayo kwa nguvu ataokoa gesi nyingi zaidi, lakini atazame kila mara tundu lake la kutolea mvuke lisizibwe na ganda la haragwe, wala asilazimishe kifuniko kabla mvuke haujaisha.

Chungu cha udongo hakiupendi moto huu. Hupasuka, kwa sababu katikati yake ni moto sana na kando ni baridi. Anayekipenda kwa ajili ya ladha ya samaki, na aendelee kukitumia penye makaa. Chuma kizito ni kizuri sana juu ya gesi, hakiharibiki, ila kikaushwe vizuri na kupakwa mafuta kisipate kutu. Chombo cha enameli chafaa maadamu hakijabanduka. Vikaango vyeusi visivyogandisha visiachwe vitupu juu ya moto mkali: vikipita joto la nyuzi 260 huanza kuharibika, na vikizidi sana hutoa moshi mbaya.

Sufuria za alumini za dukani, zile nyembamba, ndizo za wengi. Ubaya wao ni kwamba hazina mikono. Mtu huishika kwa kipande cha kanga, na ncha ya kanga huning'inia juu ya moto. Nunua vyuma vya kushikia. Chakula chenye nyanya nyingi, ndimu au ukwaju kisilazwe ndani yake usiku, maana uchungu wa vitu hivyo huila alumini. Lakini ziko na zile nzito ziyeyushwazo na mafundi wa mitaani katika vyuma chakavu vya kila namna. Wataalamu waliozipima za nchi ya Kameruni walitangaza mwaka 2014 ya kuwa risasi hutoka katika vyombo hivyo na kuingia katika chakula, nayo risasi huharibu akili za watoto. Kwa macho huwezi kujua iliyo na risasi na isiyo nayo. Heri zitumike kwa maji ya kuogea.

Chombo cha chakula na chombo cha dhahabu

Sasa nafika katika neno nililoahidi. Wachimbaji wadogo, katika Nyarugusu na Rwamgasa na mahali pengi pa mkoa wa Geita, huikamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki, nayo huikumbatia dhahabu, likapatikana donge jeupe. Kisha donge huchomwa, zebaki ikaondoka, dhahabu ikabaki. Wako wanaolichoma nyumbani, kwa siri, kwa kuogopa wezi na macho ya watu. Na nyumbani moto uko wapi ila jikoni? Zamani walitumia jiko la mkaa, na sasa gesi yawarahisishia kazi, maana zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na moto wa gesi wapita joto hilo kwa mbali. Huchukua kikaango cha mayai, au kifuniko cha sufuria, huweka donge, huwasha, na kwa dakika chache kazi imekwisha.

Mtu ataniuliza, "Zebaki imekwenda wapi?" Haikwenda po pote. Donge lile huweza kuwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake, nayo yote imegeuka kuwa hewa isiyo na rangi wala harufu. Sehemu imeingia kifuani mwake na vifuani mwa waliokuwamo. Mwili hushika karibu sehemu 80 katika 100 za zebaki ivutwayo kwa pumzi. Sehemu nyingine imepoa, ikarudi kuwa matone madogo yasiyoonekana, ikatua katika kuta, darini, katika unga, na katika nguo za mtoto. Kesho jiko likiwashwa kwa chai, au jua likipiga bati, huanza kuondoka tena. Ndiyo maana mke wa mchimbaji asiyefika mgodini hata mara moja aweza kuugua ugonjwa wa mgodi: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu, kusahau, figo kuharibika. Na mtoto aliye tumboni ndiye aumizwaye kuliko wote.

Ulimwengu ulijifunza habari za zebaki kwa machozi katika mji wa Minamata, nchi ya Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, watu wakiwa wamekula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013, na Tanzania iliyaridhia mwaka 2020. Mapatano hayo yanataka desturi ya kuchoma donge waziwazi ikomeshwe, na kulichoma mahali wakaapo watu ikomeshwe pia. Tangu miaka ya 2000 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika hata Rwamgasa kufundisha matumizi ya retoti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba, ambamo mvuke wa zebaki hupozwa, ukarudi kuwa zebaki na kutumiwa tena. Hata retoti yenyewe itumike nje, mbali na nyumba, si mezani pa kulia.

Basi baba wa nyumba ayashike haya. Donge lisichomwe jikoni, wala kwa gesi wala kwa mkaa. Karai la kuoshea mchanga lisioshwe pamoja na sahani, wala mtoto asiogeshwe ndani yake. Chombo kilichogusa zebaki kisirudi kwenye chakula, hata kikisuguliwa kwa majivu na mchanga mara saba.

Alumini yenyewe itakushuhudia. Zebaki ikiigusa sufuria ya alumini mahali palipokwaruzika, huila: huota unyoya mweupe kama ukungu wa mkate, kisha vishimo, kisha tundu. Kwa sababu hiyo hiyo zebaki hairuhusiwi kubebwa ovyo katika ndege, kwa kuwa ndege zimeundwa kwa alumini. Mama akiona unyoya huo katika sufuria yake, asisugue. Na amwulize mumewe au mwanawe, kwa upole lakini pasipo kuchoka, kilichopikwa humo.

Chombo cha namna hiyo tukitupe wapi? Si jalalani, maana watoto wataokota. Wala kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa maana fundi atakayekiyeyusha ataivuta zebaki yote kwa pua yake, na kitakachobaki kitarudi sokoni kikiwa sufuria mpya. Kitoboe tako kwa msumari, ili asiwepo atakayekiteleka, ukifunge katika mfuko mzito, ukipeleke mahali pa kazi pa wachimbaji, kiwekwe pamoja na vyombo vyao vya zebaki, mbali na kisima na mbali na nyumba.